Bomba Lililofungwa kwa Waya

Kiangazi cha mwaka ule, binti mmoja alipokuwa na umri wa miaka tisa, maji yalikuja bombani kama mgeni asiye na adabu: hayakubisha hodi, wala hayakusema yatakaa kwa muda gani. Pengine yalikuja saa nne ya asubuhi, pengine alasiri, pengine yasije siku tatu. Katika nyumba ya mjomba wake, aliyemchukua kumlea baada ya mama yake kufariki, kila mtu alipewa kazi ya kumsaidia mwenzake kuuvuka msimu, na kazi ya binti yule ilikuwa kusikiliza. Aliwekewa kigoda kando ya bomba la uani, akakabidhiwa ndoo nne zilizopangwa kwa ukubwa, akaambiwa: mara tu bomba likikohoa, piga kelele.

Siku moja usingizi ulimwiba. Alipozinduka maji yalikuwa yamekwisha kuja na kuondoka, na bata wa jirani walikuwa wakilikoroga tope kwa furaha isiyo na haya. Hakupigwa. Bibi yake alizitazama ndoo tupu, akafuta uso kwa upindo wa nguo, akarudi ndani. Mjomba alimshika bega akasema, "Basi, mama. Ardhi nayo ilikuwa na kiu." Maneno hayo ya upole yalimwingia kuliko fimbo. Tangu siku ile sikio lake halikulala tena. Shuleni aliomba ruhusa katikati ya somo la hesabu akafunge bomba lililokuwa likidondoka nje ya dirisha. Mwalimu alicheka, wenzake wakampa jina la Bi Matone, na jina hilo likamganda kama kupe hata akafika nalo chuo kikuu.

Chuo kilikuwa kilekile alichofanyia kazi mjomba. Alikuwa fundi bomba wa pale kwa miaka thelathini na mmoja, mtu mfupi, mwenye kuinamisha kichwa upande mmoja anapotembea, kana kwamba daima anasikiliza jambo linalopita chini ya ardhi. Kanisani alikuwa mzee wa baraza, na watu walisema kwamba mzee yule hawezi kutamka "nimefika" hali mguu mmoja bado uko nje ya lango. Yeye ndiye aliyemfundisha Bi Matone kubadilisha vipira vya mabomba na kuzungusha uzi wa katani kwenye meno ya skrubu ili maji yasipenye. Kwa kuwa binti alitumia mkono wa kushoto, aliuzungusha uzi kinyume, kisha, ili usifumuke, akaumalizia kwa kifundo kidogo. "Shoto wangu," mjomba alimtania, "duniani hakuna mwingine anayefunga bomba kana kwamba anafunga kifurushi cha posta."

Lakini pale chuoni hakuna aliyejua kwamba wawili hao ni ndugu. Siku ya kwanza kabisa, mwanafunzi mmoja aliyekuwa na sabuni kichwani alimfokea yule mzee kutoka mlango wa bafu, "Wee fundi, unatungoja tukauke?" Wenzake wakacheka, naye Bi Matone akayainamisha macho kwenye karatasi za usajili. Alikusudia kusema kesho yake. Kunyamaza kwa siku moja ni shimo la kuruka tu. Kunyamaza kwa mwaka mzima ni kisima, na anayetaka kutoka hana budi kuomba kamba.

Katika mwaka wake wa pili serikali ya wanafunzi ilitangaza nafasi ya Katibu wa Mazingira. Aliyeshirikiana naye chumba, msichana wa maneno mengi aliyeitwa Kasuku na kila mtu, pamoja na wahadhiri wake, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Bi Matone, chukua fomu."

"Niache bwana. Nikisimama mbele ya watu magoti hunicheza."

"Watu hawapigii magoti kura. Kwani nani mwingine chuo hiki anaamka kitandani kwa sababu bomba la jirani linalia?"

Akachukua fomu, na tangu saa ile hakuwa na raha. Alizunguka mabweni yote akiwa na daftari, akahesabu mabomba yanayovuja, akayarudia kuyahesabu kwa kuogopa amekosea, akapata thelathini na saba. Kasuku akamtungia kauli ya kampeni kwa methali ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpinzani wake alikuwa kijana wa sheria aliyevaa tai hata akienda kula uji, na kwa hiyo akaitwa Tai. Huyo aliahidi miti mia tano, na miti hupendeza mno katika hotuba.

Siku ya hotuba, ukumbi wa mihadhara ulijaa. Bi Matone alianza kwa sauti ndogo, watu wa nyuma wakaguna, na hofu ikamfanya aseme jambo ambalo hakuliandika. "Mabomba thelathini na saba yanavuja," alisema, "na mafundi wamelala!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Katika makofi hayo aliinua macho, akamwona mjomba wake amesimama mlangoni na ngazi begani, maana alikuwa ameitwa kutazama bomba la darini. Mzee aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimia jeneza linapopita, akaigeuza ngazi taratibu asije akamgonga mtu, akaenda zake.

Jumapili ile Bi Matone hakwenda kumsalimu. Wala Jumapili iliyofuata. Alijiambia kwamba ana kazi nyingi. Na hapo ndipo kosa lilipoota mzizi, kwa sababu jambo alilohitaji kuuliza lilikuwa kwa mtu yuleyule ambaye hakuweza kumtazama.

Siku sita kabla ya kura, Kasuku alileta wazo. "Tai anaahidi. Sisi tutende. Kesho Jumamosi wengi watakuwa wamekwenda kwao, tuyafunge yote. Jumatatu waamke kwenye ukimya."

Wakafanya hivyo. Walizunguka na spana na mfuko wa vipira, Bi Matone akipiga magoti chini ya masinki, Kasuku akimulika kwa simu na kuimba nyimbo za kujitungia. Kufikia saa tisa alasiri walikuwa wamefunga mabomba thelathini na sita. Lilibaki moja, lililokuwa chini kabisa ya mteremko, nyuma ya chumba cha kufulia. Hilo lilikuwa na namna yake. Halikuharibika kipira. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba, mizunguko mitatu, ili usiweze kugeuzwa hadi mwisho, na maji membamba kama uzi yalikuwa yakitoka bila kukoma na kuingia katika mfereji.

"Nani huyu amelifunga lisifungike?" Kasuku alishangaa. "Huu si uzembe tena, huu ni usanii."

Bi Matone aliutazama waya ule kwa muda. Ulisokotwa vizuri, ncha zake zimekunjwa ndani zisichome mtu. Mkono uliofanya vile haukuwa wa mzembe. Sauti ndogo ndani yake ilimwambia, kaulize. Na sauti nyingine ikamwambia, utamuuliza kwa uso gani? Akaukata waya kwa koleo, akautia mfukoni. Akalifungua bomba zima, akalizungushia uzi mpya wa katani, akalikaza. Chuo chote kikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake hakusikia tone popote, na jambo la ajabu ni kwamba ukimya ule haukumpa usingizi.

Jumapili pampu ilipumzishwa, kama ilivyokuwa desturi ya pale. Jumatatu alfajiri mlinzi akaiwasha kama kawaida, wanafunzi wangali vitandani na hakuna anayeteka maji. Robo saa kabla ya saa kumi na mbili ulisikika mshindo chini ya bweni la wasichana wa mwaka wa kwanza, kama gunia la mchele lililotupwa kutoka ghorofani. Kisha maji yakaanza kupanda kupitia nyufa za sakafu. Hakuna aliyeumia. Lakini vyumba vya chini vilijaa hadi kwenye vifundo vya miguu, viatu vikaelea ukumbini kama bata, na kulipopambazuka magodoro arobaini na mawili yalikuwa yamelazwa juani katika uwanja wa mpira.

Bi Matone alimkuta mjomba ndani ya shimo lililochimbwa, tope likimfika mapajani, bomba kuu limepasuka kwa urefu wa mkono. Alimngoja atoke. Mzee alitoka, akachukua spana. Alikwenda nyuma ya chumba cha kufulia, naye akamfuata. Mzee alilitazama bomba, akaligusa palipokuwa na waya, akalifungua kwa spana, kisha akaufumua uzi wa katani na kuushika kidoleni. Ulikuwa umezungushwa kinyume, na mwisho wake ulikuwa na kifundo kidogo.

Aliutia mfukoni.

"Umekula asubuhi hii, mama?" akauliza.

"Mjomba, ule waya..."

"Nimeuliza kama umekula."

"Sijala."

Mzee aliketi juu ya tofali, akaanza kujipangusa tope, na bila kupandisha sauti akamweleza. Mabomba ya chuo kile yalikuwa ya zamani, na pampu ilisukuma bila kujua kama kuna anayeteka au la. Hapo kale palikuwa na vali ya kupunguza presha, ikaganda kwa kutu. Aliomba nyingine kwa barua, akaomba tena, barua saba kwa jumla, na barua zikaenda zilikokwenda. Basi akayaachia maji njia ya kupumulia: bomba moja, pa chini kabisa, lisifungwe kamwe. Yale thelathini na sita mengine yalikuwa uzee tu, na vipira alivyopewa havikutosha. Lakini kwa kuvuja kwake nayo yalisaidia kidogo.

"Mimi nilidhani..." Bi Matone alianza kusema.

"Ulidhani mafundi wamelala." Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa na huzuni kuliko lawama. "Ulikuwa na haki ya kuuliza, nami nilikuwa na wajibu wa kuandika kibao pale kwamba hili lisiguswe. Tumekosa wote wawili. Sasa nenda darasani. Na mdomo wako uutie kufuli mpaka kura zipite."

"Na wewe je?"

"Mimi nimebakiza miezi minne nistaafu. Mti mkavu hauogopi jua."

Lakini mambo yalikwenda kwa njia ambayo ilimtesa zaidi. Kwa kuwa hakuna aliyejua lililotendeka, mafuriko yale yakawa hotuba nzuri kuliko zote alizopata kutoa. Wasichana wa mwaka wa kwanza, wakiwa wamekaa juu ya masanduku yao, walisema, "Si Bi Matone alituonya? Alisema mabomba yameoza." Watu waliompita zamani bila kumwona walimpa mkono. Tai mwenyewe alimsimamisha mbele ya maktaba, akalegeza tai yake kidogo, jambo ambalo halijapata kuonekana.

"Dada, nakubali umenipiga bao. Miti yangu mia tano haiwezi kushindana na bomba lako moja."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kweli. Nitakupigia kura mwenyewe, usiwaambie watu wangu."

Kila pongezi ilimwangukia kama tone juu ya jiwe, palepale, palepale. Jumanne tangazo lilibandikwa: fundi bomba ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu, Jumatano saa kumi alasiri, kujibu kwa uzembe. Kura zilikuwa Alhamisi. Bi Matone aliupiga hesabu wakati ule kwa vidole, kama mtu anayetumaini kukuta hesabu imekosewa. Ilitosha anyamaze siku mbili. Mjomba mwenyewe alikuwa amemwamuru. Kasuku, aliyeambiwa yote, kwa mara ya kwanza maishani mwake alitumia maneno machache.

"Ukisema, umekwisha. Kanuni iko wazi: mgombea aliyeharibu mali ya chuo hufutwa."

"Najua."

"Na usiposema?"

"Ndiyo hiyo inayoninyima usingizi."

Jumatano alasiri alijikuta kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa kamati, bila kujua kwa hakika miguu yake ilimletaje. Mlango ulikuwa haujafungwa sawasawa. Alisikia sauti ya mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mpole mwenye kusoma kila kitu mara mbili.

"Mzee, bomba hili ambalo wewe mwenyewe unasema halikupasa kufungwa: nani alilifunga?"

Ikaja sauti ya mjomba, ikikwaruza kama mlango usiozoea kufunguliwa upande ule.

"Nililifunga mimi. Nikasahau."

Bi Matone alikuwa amemsikia mzee yule akisoma sala, akiita majina ya wafu, akiomba vali kwa barua saba. Hakuwa amemsikia akisema uongo. Miaka thelathini na mmoja ya kazi, na miaka sitini ya ulimi safi, mzee alikuwa ameiweka mezani kwa ajili ya kiti cha katibu wa wanafunzi. Bi Matone alisimama. Akausukuma mlango.

"Shikamoo, mama mlezi. Samahani kwa kuingia."

"Marahaba. Binti, kikao hiki ni cha faragha."

"Huyu ni mjomba wangu," alisema, na sentensi hiyo ilimtoka kwa shida kuliko zilizofuata. "Ndiye aliyenilea. Bomba nimelifunga mimi, Jumamosi, saa tisa. Waya wake huu hapa." Akauweka mezani.

Mjomba alifumba macho. "Mama, nilikwambia..."

"Ulinifundisha mengine kabla ya hilo, mjomba."

Mlezi aliutazama waya, akamtazama mzee, akautazama waya tena. Kisha akavua miwani yake na kuuliza lile ambalo hakuna aliyelitarajia: nakala za zile barua saba zipo? Mzee alisema zipo nyumbani, ndani ya kitabu cha nyimbo.

Hukumu ilikuwa kama kanuni ilivyosema. Mzee alipewa onyo la maandishi kwa kutoandika kibao, akaachwa amalize miezi yake. Jina la Bi Matone likafutwa katika orodha ya wagombea. Shida ikawa karatasi za kura: zilikwisha kuchapishwa, elfu moja na mia mbili, na jina lake lilikuwa la kwanza. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, mwanafunzi wa takwimu mwenye uso wa mtu asiyelala, alishika kichwa.

"Itabidi tuchapishe upya zote."

"Karatasi zote hizo?" Bi Matone alisema kabla hajafikiri. "Hapana, jamani. Nileteeni rula."

Basi jioni ile, chini ya macho ya tume, walikaa mezani. Kasuku alizipanga, mwenyekiti akashika rula, na Bi Matone, kwa mkono wake wa kushoto, akapiga mstari juu ya jina lake mwenyewe mara elfu moja na mia mbili. Ilipofika mia tisa hivi, Kasuku alianza kulia, kisha akaanza kucheka.

"Tuliziba ufa," alisema, "ukuta ukaanguka."

"Shika karatasi vizuri," Bi Matone alijibu, "unazikunja."

Tai alishinda. Inasemekana zilipatikana karatasi sitini na kitu ambazo wapigaji waliweka tiki kando ya jina lile lililofutwa. Zikahesabiwa kuwa zimeharibika, kama ilivyopasa. Wako waliomcheka kwa muda, wakimwita Bi Mafuriko, na kila alipopita karibu na bweni la mwaka wa kwanza aliharakisha hatua. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mjomba wake na kula naye mezani, naye mzee hakulitaja jambo lile, ila alimwuliza kama vipira vile thelathini na sita alivitia mafuta kabla ya kuvikaza. Hakuwa amevitia. Wiki nzima walizunguka pamoja mchana kweupe kuvitia, na kila aliyeuliza alijibiwa na binti, "Huyu ni mjomba wangu."

Wiki ya pili Tai alimtafuta. Alikuwa na zile barua saba mkononi, zilizopelekwa kwake na mlezi.

"Dada, mimi vali siijui hata nikiiona njiani. Nisaidie kuandika ya nane."

Aliandika ya nane, Tai akaitia sahihi, na Tai, kumtendea haki, akaipeleka kwa miguu yake na kukaa kwenye kiti cha mapokezi hadi ikapokewa. Vali ilifika zikiwa zimebaki wiki mbili mzee astaafu. Aliifunga mwenyewe, akaigonga kwa ukucha, akainamisha kichwa kusikiliza. Lakini bomba la nyuma ya chumba cha kufulia hakulifunga. Aliliwekea waya mpya na kibao, akaondoka akiliacha linatiririka uzi wake mwembamba. Alipoulizwa, alisema mkono wake umezoea hivyo, na afungaye awe mwingine.

Bi Matone alikaa chuoni miaka miwili zaidi. Hakugombea tena. Jambo la mwisho linalojulikana juu yake pale chuoni ni hili. Asubuhi ya siku aliyopewa cheti, alimwomba mlinzi achelewe kidogo kuwasha pampu, akashuka peke yake kwenye bomba lile akiwa amekwisha kuvaa joho. Alisoma kibao, akakata waya, akalifunga bomba hadi mwisho. Mlinzi akawasha pampu. Yeye akapiga magoti, akaweka sikio ardhini palipopita bomba kuu, akangoja kwa saa nzima, mpaka wanafunzi walipoanza kuoga. Halikupasuka. Akainuka, akapangusa magoti, akaandika tarehe na saa nyuma ya kile kibao kwa kalamu, akakirudisha msumarini.